Beseni Lisiloguswa

Likizo ya Sajenti iliisha asubuhi ya kwanza, kabla hata hajatoa nguo kwenye begi. Mama mkwe alimwekea chai, akamwacha apige mafunda mawili, kisha akamweleza kwamba baba mkwe wake ameitwa mwizi na watu wa chama cha wavuvi wa ndoana, na kwamba saa kumi jioni hiyo kamati ingekaa kumnyang'anya ufunguo wa stoo.

"Polisi wameitwa?" Sajenti aliuliza.

"Wasingethubutu. Wanataka ufunguo tu."

"Basi si jambo kubwa, mama."

Mama mkwe alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesoma sana. "Mwanangu, huyu mzee amestaafu ualimu. Kilichobaki cha kumtoa nje ya nyumba hii ni ile stoo. Wakimnyang'anya, atakaa wapi? Atakaa humu. Na mimi. Kutwa." Kisha akashusha sauti. "Tangu Jumamosi hajamaliza sahani ya chakula."

Sajenti akakubali kwenda, akitafuna mkate kwa upande wa kushoto tu. Upande wa kulia kulikuwa na jino aliloapa kutolizungumzia. Mama mkwe aliliona hilo pia. "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," alisema, akakusanya vikombe.

Stoo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa chama, chenye fito za kuvulia zimesimama ukutani na harufu ya mafuta ya cherehani. Tangu Jumamosi ilikuwa imefungwa kwa kufuli la mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe, mtu wa duka la dawa, aliuza hadithi yake kama anavyouza vidonge: kidogo kidogo, na maelekezo juu yake.

Kulikuwa na rili ya shaba, alisema, ile mashine ya kukunjia mshipi, iliyokuwa mali ya marehemu mwenyekiti wa kwanza. Marehemu aliikabidhi kwa chama, ikawekwa kwenye kabati la kioo ukumbini, ikawa ndiyo fahari yao. Ijumaa jioni ilikuwepo. Jumamosi alfajiri wanachama walipanda boti kwenda kushindana. Waliporudi adhuhuri na wageni wao, kabati lilikuwa limefungwa vizuri na ndani yake hakuna kitu.

"Kitasa hakikuvunjwa?"

"Hata mkwaruzo. Na funguo ni mbili. Mmoja anao mtunza stoo, baba mkwe wako. Mwingine anao katibu wetu, Daktari wa Meno, ambaye ni mtoto wa huyohuyo marehemu. Wawili hao ndio hawakupanda boti. Mzee Suuza boti inamtapisha, na Daktari hapendi kelele." Mwenyekiti alikohoa. "Mzee Suuza ni jina la utani tu. Usinielewe vibaya."

Sajenti hakumwelewa vibaya. Hakukuwa na mtu aliyewahi kuvua katika pwani ile ambaye hajasimamishwa na baba mkwe na kuambiwa asuuze vifaa vyake.

"Wanasema walikuwa wapi?"

"Kila mmoja peke yake, baharini. Mzee majabalini, Daktari kwenye gati la zamani. Daktari anasema alitazama majabalini mara nyingi na hakuona mtu. Sasa tazama mwenyewe." Mwenyekiti akanyoosha mkono juu ya meza. Palikuwa na fito mbili. Ufito wa kwanza, wa Daktari, ulikuwa na rili nyeupe kwa chumvi. Rili ya ufito wa pili, wa baba mkwe, ilikuwa inang'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. "Hii imetoka baharini, hii haijatoka. Na kile kule ndicho kilichommaliza mzee."

Kando ya mlango, sakafuni, kulikuwa na beseni limejaa maji. Juu ya kigoda palikuwa na taulo lililokunjwa na mswaki wa zamani uliolala juu yake.

"Kila akirudi baharini huoshea vifaa vyake kwenye beseni hilo," Mwenyekiti alisema. "Jumamosi tulimkuta ameketi pembeni yake. Maji safi, hayajaguswa. Nikamuuliza, mzee, ya nini haya? Akanyamaza. Yeye, ambaye ukimuuliza saa ngapi anakueleza jinsi ya kupaka grisi."

Sajenti akachuchumaa, akachovya kidole katika beseni, akakilamba. Maji baridi ya bomba, hayana chumvi hata chembe. Akasimama, akainama mezani, akalamba rili ya baba mkwe. Mafuta. Kisha akalamba ya Daktari.

Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja. "Huko chuoni ndivyo mnavyofundishwa?"

"Nimefundishwa nyumbani," Sajenti alisema.

Ilikuwa kweli. Siku ya kwanza aliyopelekwa kutambulishwa ukweni, wakati mabinti wengine huulizwa ukoo wao, yeye aliulizwa kama anajua kwamba chumvi haionekani ila kwa ulimi. Tangu siku hiyo hakuna chakula alichokula katika nyumba ile bila somo. Maji ya mpira yenye nguvu husukuma chumvi ndani ya rili badala ya kuitoa. Usianike juani, anika kivulini. Usifunge kwenye mfuko ikiwa mbichi. Na mbaya kuliko vyote ni mshipi, baba mkwe alikuwa akisema huku akiuonyesha kwa kijiko, mshipi ni mnafiki, hunywa maji ya bahari ukajikunja juu ya rili ukanyamaza, na rili huanza kuoza kuanzia chini yake. Sajenti alijifunza kuitikia "naam, baba" akiwa amelala macho wazi. Leo alimwomba Mungu amrudishie kila alilolisikia usingizini.

Akashika mshipi wa Daktari, akauvuta. Pima ya kwanza ilikuwa na chumvi. Ya pili ilikuwa nayo kidogo. Kuanzia ya tatu akawa analamba kamba tupu, na alipofika chini kabisa alikutana na vumbi. Akatazama ndoana. Ilimeremeta.

"Mwenyekiti, mtu akirusha ndoana kutoka gatini, mshipi unakwenda umbali gani?"

"Akiwa mvivu, pima ishirini."

"Huu umelowa pima mbili. Na ndoana iliyotoka baharini Jumamosi, bila kuoshwa, leo Jumanne ingekuwa nyekundu. Chumvi hii imemwagwa juu kama ya kwenye yai."

Mwenyekiti akafikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa tu ameshachoka kubadilisha mawazo. "Basi wote wawili ni waongo. Lakini usafi wa mzee hauwi ushahidi wa kwamba alikwenda. Na beseni lipo palepale. Saa kumi ni saa kumi."

Baba mkwe alikuwa sebuleni kwake, amezungukwa na bawaba za milango alizozing'oa ili kuzipaka mafuta. Kwa siku tatu, kwa kukosa rili, alikuwa amekwisha kulainisha kufuli zote, mkasi, cherehani na kopo la kusagia pilipili, na nyumba nzima ilikuwa imeacha kulia. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha pembeni akichambua mchicha, kwa sababu mkwe na baba mkwe kuketi wawili wakiulizana maswali ya kipolisi halikuwa jambo la kuachwa lijiendee lenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo bawaba usiikanyage."

Sajenti alikuwa amewahi kumhoji jambazi aliyeficha kisu kwenye soksi, na hakupata shida. Hapa alijikuta anatazama mkeka. "Samahani, baba. Nilikuwa naona, kama haitakuwa vibaya, pengine ningependa kujua, ile Jumamosi..."

"Anakuuliza ulikuwa wapi," mama mkwe alisema.

"Majabalini. Nimeketi chini ya lile jiwe lenye kivuli."

Kwa hiyo mtu wa gatini asingemwona. Sajenti akaliweka hilo kichwani. "Na vifaa, baba, ulioshea wapi?"

"Bombani, nje."

"Siyo kwenye beseni?"

Baba mkwe akachukua bawaba nyingine, akaidondoshea tone la mafuta, akaichezesha. Haikutoa sauti. Yeye pia hakutoa.

"Mjibu mtoto," mama mkwe alisema.

"Nimeshamjibu. Nimesema bombani."

"Na Daktari, baba? Pale jiweni gati linaonekana. Hukumwona?"

"Mimi nikivua natazama mshipi wangu."

Sajenti aliyajua majibu ya namna hiyo. Mtu ambaye hakuona husema sikuona. Anayekwepa hukupa habari za mshipi. Kama mzee alikuwa anaficha kitu, alikuwa anamficha hata yeye, na saa kumi isingemsubiri.

"Baba, watakuchukulia ufunguo."

"Najua." Mkono wa mzee ulitulia. "Lile beseni bado lipo?"

"Lipo."

"Maji ni yaleyale ya Jumamosi?"

"Yaleyale."

"Basi yamwage, uteke mengine. Maji yaliyolala hayafai."

"Hayafai kwa nini, baba?"

Mzee akarudi kwenye bawaba zake. Mama mkwe akaacha mchicha, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, lakini naye hakupata kitu.

Kliniki ya Daktari wa Meno ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Sajenti alipanda ngazi akijiambia kwamba jino litakuwa kisingizio tu. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwa ameogopa kitu isipokuwa kiti kile, na kiti kililijua hilo, kwa sababu kilipolazwa nyuma kilitoa mlio mrefu wa kutu.

"Kinahitaji mafuta," Sajenti alisema.

"Usianze na wewe," alisema Daktari. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono laini, shingo iliyobabuka kwa jua na macho ya mtu asiyelala. "Fungua. Zaidi. Jino lipi?"

Sajenti alikuwa amepanga maswali matano. Alipofungua kinywa, Daktari akaingiza kioo, akaingiza chuma chenye ncha, na maswali yote matano yakabaki kooni. Ndipo Daktari, kama walivyo wenzake wote duniani, akaanza kumhoji yeye.

"Wewe ndiye mkwe wa Mzee Suuza, sivyo?"

"Aaa."

"Ni polisi, nasikia."

"Aaa."

"Umekuja kwa jino au kwa jambo lingine?"

Hilo halikuwa na jibu la "aaa". Sajenti akageuza macho juu, kwenye taa kubwa iliyomwinamia, na humo, kwenye bati lake linalong'aa, akauona ukuta wote wa nyuma yake. Kulikuwa na rafu. Juu ya rafu kulikuwa na taya za plasta zimepangwa, zote zikicheka. Kati ya taya ya saba na ya nane kulikuwa na kitu kilichofungwa kitambaa cha kliniki, na kutoka katika kitambaa kilichomoza kipini kidogo cha mviringo, cha rangi ya shaba.

Akainua mkono wake taratibu, akaushika wa Daktari, akauondoa kinywani mwake pamoja na chuma chake. Akatema. Akajifuta.

"Kwenye rafu yako, Daktari, kuna mgonjwa hana meno."

Daktari hakukimbia. Aliketi kwenye kigoda chake cha magurudumu, na kigoda kikamsogeza nyuma kidogo peke yake.

"Chumvi ya jikoni," Sajenti alisema. "Ungeiloweka rili yako hata kwenye ndoo. Umeinyunyizia juu tu, mshipi wako ndani una vumbi. Lakini kilichonisumbua ni hiki: kwa nini mtu ajitengenezee uongo wa kwenda baharini, ilhali shingo yake imeungua jua la Jumamosi? Ulikwenda kweli. Ila hukwenda na rili yako."

Daktari akainuka, akaleta kile kifurushi, akakifungua mapajani mwake. Rili ya shaba ilikuwa imetoka madoa ya kijani kwenye kila pembe. Mahali pengine palikuwa na mabaki meupe.

"Dawa ya meno," alisema kabla hajaulizwa. "Nimeisugua kila jioni. Kila asubuhi inazidi kuwa kijani."

"Kwa nini uliichukua?"

"Nilitaka kurusha nayo mara moja." Alikishika kipini bila kukizungusha. "Baba alinipa nyumba. Alinisomesha, alininunulia hata kiti hiki. Ila hii hakuniruhusu kuigusa. Alipokuwa anaugua nikaiomba, akasema sina mikono ya kutunza, akawapa chama. Nimekuwa katibu mpaka leo, nina ufunguo, naitazama kwenye kioo. Jumamosi boti ilipoondoka nikasema leo. Naichukua, narusha, nairudisha kabla hawajafika, nani atajua?"

"Mbona hukuirudisha?"

"Nilirudi mapema kabisa. Nikachungulia, nikamkuta Mzee Suuza ameketi mlangoni mwa stoo na beseni mbele yake, anatazama njia niliyotokea. Nikajua amefungua kabati ameona haipo, anamsubiri mwizi. Nikageuza."

Sajenti alitaka kusema jambo, akalisahau. Beseni. Taulo lililokunjwa. Mswaki. Maji yaliyolala hayafai. Akaegemea nyuma kwenye kile kiti alichokiogopa, bila kukumbuka kwamba anakiogopa.

"Daktari," alisema hatimaye, "mtu anayemsubiri mwizi hushika rungu. Umewahi kumwona anayemsubiri mwizi na taulo?"

Daktari hakuelewa.

"Saa kumi utaelewa. Utakuja na kifurushi hicho, na utasema mwenyewe. Nikisema mimi, itakuwa kesi. Usipokuja, mzee wa watu anapoteza kitu pekee kinachomfanya avae viatu asubuhi."

"Na jino lako?" Daktari aliuliza, kwa mazoea. "Lina tundu, tena si dogo."

"Jino halimo katika upelelezi huu," alisema Sajenti, akashuka ngazi mbiombio.

Saa kumi kamati ilikuwa imejaa stoo. Mwenyekiti alikuwa na saa yake mkononi. Baba mkwe alikuja amevaa koti la siku za mitihani, akatoa ufunguo, akauweka mezani kabla hajaombwa. Mama mkwe alisimama dirishani kwa nje, kwa sababu wake wa wanachama hawaruhusiwi kikaoni na dirisha halikutajwa. Kabla ya kikao Sajenti alikuwa amemwaga maji ya beseni na kuteka mengine. Daktari hakuwepo.

"Tuanze," Mwenyekiti alisema.

"Bado mtu mmoja," Sajenti alisema.

"Binti yangu, wewe si mjumbe."

Wakasubiri kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuushika ule ufunguo. Sajenti alitazama mlango mpaka macho yakamwuma. Alikuwa ameshaanza kujilaumu kwa kumwachia mshukiwa atembee kwa miguu yake mwenyewe, kosa ambalo angemkaripia kuruta kwa kulifanya, ndipo Daktari akaingia na kifurushi kifuani. Alifika katikati ya chumba, akafungua kinywa. Safari hii kinywa kilichobaki wazi kilikuwa chake, na hakikutoa neno.

Baba mkwe alikuwa wa kwanza kusogea. Alikichukua kifurushi, akafunua kitambaa, akailamba rili palepale chini ya mshipi. Uso wake ukakunjamana kwa uchungu wa kweli.

"Tangu Jumamosi," alisema. "Tangu Jumamosi hujaisuuza."

Chumba kikanguruma. Mwenyekiti akagonga meza. "Mzee, ulijua?"

"Baba alimwona," Sajenti alisema, na sasa hakutazama mkeka. "Kutoka jiweni gati linaonekana. Baba, lile beseni hukujiwekea wewe."

Baba mkwe alihema. "Nilimwona anarusha. Nikaijua rili kwa mng'ao wake. Anarusha kama babake, vibaya sana. Nikasema huyu atarudi na shaba mbichi mkononi na hajui pa kuanzia. Nikakunja vyangu, nikaviosha bombani haraka, nikamtengea maji. Nikakaa. Hakuja."

"Ungesema tu, mzee," Mwenyekiti alisema. "Tumekuita mwizi siku tatu."

"La kusema lilikuwa lake."

Daktari alisema hapo. Alisema yote, ufunguo, gati, chumvi ya jikoni, na kwamba alikubali mzee wa watu atukanwe kwa ajili yake. Hakuna aliyejua pa kutazama. Baba mkwe alikuwa ameshapiga magoti kando ya beseni.

"Umemaliza? Kunja mikono ya shati. Kwanza tunakaza hapa, maji yasiingie. Hapana, usisugue, wewe unasugua kama unalipiza kisasi. Hili si gego la mtu. Taratibu, na mswaki."

Daktari akapiga magoti mbele yake, akachukua mswaki.

"Babako alisema huna mikono ya kutunza," baba mkwe aliendelea, akiishikilia rili chini ya maji. "Mimi nilikuwepo. Nikamwambia, umemfundisha lini? Akakasirika, hakunisemesha mwezi mzima. Zungusha sasa."

Daktari akazungusha kipini. Kilikwama, kikakwaruza, kikatoa maji machafu ya kijani, kisha kikaanza kutoa ile sauti yake, tiki tiki tiki, ambayo wakongwe wa chumba kile hawakuwa wameisikia tangu mazishi. Mzee mmoja wa kamati alivua kofia.

Mwenyekiti aliuokota ufunguo mezani. Alizunguka nao kidogo, asijue akabidhi vipi kitu alichokuja kukichukua, kisha akamsogezea baba mkwe kwa mikono miwili.

"Mimi nimelowa," baba mkwe alisema bila kuinua kichwa. "Mtilie huyu mfukoni. Atanipa tukimaliza."

Mwenyekiti akamtazama Daktari, akamtazama mzee, akainama na kuutia ufunguo katika mfuko wa shati la Daktari. Mswaki ukasimama ndani ya maji kwa muda. Kisha ukaendelea, taratibu, kama ulivyofundishwa.

Dirishani mama mkwe alipangusa macho kwa ncha ya khanga, akamwita Sajenti kwa kidole. "Mwanangu, Daktari akimaliza hiyo shaba," alisema, "mwambie akutazame na hilo jino. Maji yapo, mswaki upo, na leo huna pa kukimbilia."